Sauti yako kwenye simu: mashine inapima kwa haraka, je, ikikosea?

Unapozungumza kwenye simu, kinachofika mnarani ni tarakimu. Maikrofoni hugeuza sauti yako kuwa umeme unaopanda na kushuka, kisha kifaa kidogo ndani ya simu huupima umeme huo tena na tena na kuandika kila kipimo kwa sifuri na moja. Wazo la kusafirisha sauti kwa njia hii lilitoka kwa mhandisi Mwingereza, Alec Reeves, mwaka 1937, alipokuwa akifanya kazi Paris.

Kifaa hicho huitwa kigeuzi cha analogi kuwa dijitali. Kwa sauti ya simu ya kawaida kazi yake si kubwa, kwani hupima mara 8,000 tu kwa sekunde. Studio za redio hutumia mara 48,000. Lakini mashine nyingi za ultrasaundi, zile anazopimiwa mama mjamzito, hupima mawimbi yanayorudi kutoka mwilini mara milioni 40 hadi 65 kila sekunde. Vigeuzi vya minara ya simu hufika mara milioni 100 na kuzidi. Kwa kasi hiyo makosa hayakwepeki, na kosa moja kubwa laweza kuwa mkwaruzo masikioni au nukta kwenye picha ambayo mwilini haipo.

Ili tuelewe kosa linatoka wapi, tuchukue mizani ya sahani mbili. Mzigo wa maharage uko upande mmoja, nao una kilo 9. Muuzaji ana mawe manne: la kilo 8, la 4, la 2 na la 1. Anaanza na kubwa. Je, mzigo unalizidi jiwe la 8? Ndiyo, linabaki. Anaongeza la 4, linazidi mzigo, analitoa. La 2 nalo linatoka. La 1 linabaki. Jumla ni 9. Mara nne za kupima, jibu limepatikana.

Aina moja ya kigeuzi inayotumika sana hufanya hivyohivyo. Badala ya mawe ina kapasita, vijihifadhi vidogo vya umeme vya ukubwa mbalimbali. Badala ya jicho la muuzaji ina kilinganishi, ambacho hujibu ndiyo au hapana na si zaidi. Kigeuzi cha biti 10 hupima hivyo mara 10 kwa kila sampuli. Kikitakiwa kutoa sampuli milioni 100 kwa sekunde, kila kupima kunapewa chini ya nanosekunde moja, yaani hata sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni haifiki.

Kila mkulima anamjua mnunuzi anayesoma mizani kabla haijatulia. Sahani bado inacheza, naye keshataja kilo. Ndani ya kigeuzi ni vilevile: jiwe kubwa likiwekwa, umeme huyumba, na jiwe kubwa ndilo huyumbisha zaidi. Tuseme katika haraka hiyo kilinganishi kimeona mzigo wetu wa kilo 9 ni mwepesi kuliko jiwe la 8, likatolewa. Yamebaki la 4, la 2 na la 1. Yote pamoja ni kilo 7. Hata hatua zote zilizobaki zikienda sawasawa, mkulima amepunjwa kilo 2 na hakuna pa kuzirudishia.

Dawa ya kwanza ni kusubiri mizani itulie, lakini hapo kasi imekwenda. Dawa ya pili ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Badilisha mawe. Chukua matano: la kilo 6, la 4, la 2, la 2 jingine na la 1. Jumla bado ni 15, kama awali. Mzigo wa kilo 9 ukipimwa bila kosa, yatabaki la 6, la 2 na la 1. Sasa tukosee makusudi. Tulitoe lile la 6 kimakosa. Yaliyobaki, 4 na 2 na 2 na 1, yanatimiza 9 barabara. Njia mbili tofauti, jibu moja.

Na kosa la upande wa pili, la kubakiza jiwe ambalo lingetolewa? Hapo wahandisi husogeza swali. Kwa kuwa mzigo wa kati ya kilo 6 na 9 unaweza kupimwa ukiwa na jiwe la 6 au bila hilo jiwe, kilinganishi huulizwa kama mzigo unazidi kilo 7 na nusu, katikati kabisa. Kikiyumba kidogo kulia au kushoto, hatua zinazofuata zinarekebisha. Kosa kubwa zaidi ya hapo halina msaada: mzigo wa kilo 12 ukikataliwa jiwe la 6, utaishia 9.

Wapo watakaosema kwamba kupima mara tano badala ya nne ni kuchelewa. Ndivyo inavyoonekana. Lakini kwa kuwa hatua za mwanzo zimesamehewa, hakuna haja ya kusubiri utulivu kamili katika kila moja, na tano za haraka humaliza kabla ya nne za kusubiri. Mwaka 2002 Franz Kuttner wa kampuni ya Infineon alionyesha kigeuzi cha biti 10 chenye mawe ya aina hii, kikitoa sampuli milioni 20 kwa sekunde. Mwaka 2010 Chun-Cheng Liu na wenzake wa Taiwan walibakiza mawe ya kawaida, wakaingiza machache ya kurekebishia katikati, wakafika milioni 100 kwa umeme wa miliwati 1.13 tu. Tarakimu hiyo ya mwisho sisi tunaiona ndiyo kubwa kuliko zote. Kifaa kinachotegemea betri au sola hufa kwa umeme kabla ya jambo jingine.

Hatua za mwisho ndizo zisizo na msamaha. Katika mawe yetu matano, ukikosea kwenye jiwe la 2 la pili au lile la 1, kosa linabaki. Ndiyo maana baadhi ya vigeuzi hukimbia mwanzoni na kupunguza mwendo mwishoni.

Linabaki tatizo la jiwe lenyewe kutokuwa na uzito ulioandikwa juu yake, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotengeneza kapasita zisizo na tofauti hata kidogo. Hapo mawe ya ziada yana kazi nyingine. Mzigo uleule unapimwa mara mbili, kwa 6 na 2 na 1, kisha kwa 4 na 2 na 2 na 1. Majibu yakitofautiana, kuna jiwe linalodanganya, na kwa kurudia kupima mizigo mingi, hesabu ya kompyuta hulitambua ni lipi na linapungua kiasi gani.