Magari Yanapofukuzana Senemani

Juma lililopita mpwa wangu, ambaye ni dereva wa matatu baina ya Mombasa na Malindi, alinijia nyumbani baada ya Isha, akanitolea simu yake na kuniambia, "Mjomba, hebu tazama hii, kisha uniambie kama zama zenu mlikuwa na kitu mfano wake." Nikavaa miwani nikatazama. Ilikuwa ni filamu iitwayo Furious 7, ya mwaka 2015. Gari linatoka kwa kasi kwenye dirisha la jumba refu la Abu Dhabi, linapaa hewani, linaingia kwenye jumba jengine, na huko nako halisimami, linaruka tena hadi la tatu.

Akaniuliza nimeonaje. Nikamwambia kweli ni ajabu, lakini sikuogopa hata chembe. Gari lipasue vioo vya majumba matatu, na dereva atoke hata shati halijakunjika, mimi nimhofie kitu gani? Na haki yao niwape: katika filamu hiyo hiyo mna magari yanayoangushwa kutoka kwenye ndege, na magari hayo yaliangushwa kweli angani. Lakini mtazamaji akishajua kwamba shujaa hapatwi na lolote, basi hata jambo la kweli litamwia mchezo.

Nikamwambia akae, nimwonyeshe filamu niliyoiona kwanza nikiwa kijana wa chuoni, kwa kanda ya video nyumbani kwa jirani, na fimbo za maalim nilizozipata kesho yake kwa kukosa darasa nazikumbuka hadi leo. Filamu yenyewe ni Bullitt, iliyotoka mwaka 1968, chini ya uongozi wa Peter Yates, Mwingereza. Mchezaji wake mkuu ni Steve McQueen, naye ni askari kanzu wa mji wa San Francisco, mji wa vilima vyenye barabara zinazopanda na kushuka kama mawimbi ya kusi. Yeye yumo katika Mustang ya kijani. Wauaji wawili wamo katika Dodge Charger nyeusi.

Sasa msomaji angalia jinsi jambo linavyopikwa. Mwanzo hakuna mbio. Wauaji wanamfuata polepole, na muziki wa Lalo Schifrin unakwenda chini kwa chini. Mara askari anawapotea. Dereva wa Charger anatafuta huku na huku, kisha anatupa jicho kwenye kioo chake, na ndani ya kile kioo anaiona Mustang ikichomoza juu ya kilima nyuma yake. Mwindaji amekuwa kitoweo! Hapo dereva yule, mtu mzima mwenye miwani, hasemi neno. Anachukua mkanda wa kiti, anaufunga kiunoni. Kisha anakanyaga mafuta, na muziki unakatika.

Tangu hapo hadi mwisho husikii ngoma wala zumari. Unasikia injini, gia zikibadilishwa, na matairi yakilia. Kufukuzana kwote kunakaribia dakika kumi na moja, na kulichukua kiasi cha wiki tatu kupigwa picha. Frank P. Keller, aliyezikata na kuziunga picha zile, alipewa tuzo ya Oscar, na mimi mtu wa mashairi sishangai. Aliujua urefu wa kila kipande kama malenga ajuavyo mizani. Uso wa dereva, mkono kwenye gia, barabara inayokujia, kisha gari zima linaruka kilima na kutua kwa kishindo. Kila likitua unasikia uzito wake. Gari lina uzito, na gari lisilo na uzito ni picha ya kuchora tu.

Kwa nini kimya kile kiwe kizito hivyo, nilikuja kukijua baadaye. Mwaka 1988 nilipanda matatu kutoka Malindi. Siku hizo daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa bado, magari yakivuka kwa feri, na dereva wetu akaingia katika mashindano na mwenziwe ili awahi feri. Kaseti ya taarabu ilikuwa ikilia kwa sauti kubwa, na vijana walikuwa wakimshangilia dereva. Tulipofika kwenye kona tukakuta lori mbele yetu, na yule mwenzetu yuko ubavuni. Dereva, kwa mkono wake mwenyewe, akaizima kaseti. Wallahi hapo ndipo nilipoogopa. Bibi mmoja nyuma yangu aliyekuwa akimgombeza tangu Gede naye akanyamaza. Zikabaki injini na kokoto zikigonga chini ya gari. Mola alituokoa, na feri ilikuwa imekwisha ondoka.

Mpwa wangu aliisikiliza hadithi hii akacheka, lakini hakuchelewa kunitolea kasoro za Bullitt, maana jicho lake ni la mtu wa magari. "Mjomba, hiyo Charger imekwishapoteza vifuniko vya magurudumu zaidi ya vinne! Na hiyo Volkswagen ya kijani mbona wanaipita kila mara?" Kweli tupu. Hayo yamo, na wenye kuujua mji ule husema njia wanayopita wale watu haiungani. Lakini kuna kosa moja lililoachwa makusudi. McQueen anakosa kona, anafunga breki, anarudi nyuma matairi yakitoa moshi. Hakukupangwa. Likabaki, na kwa kosa lile tukamwamini. Sehemu za hatari zaidi hakuendesha yeye, aliendesha Bud Ekins. Na yule mwenye miwani katika Charger, Bill Hickman, alikuwa dereva wa kazi hiyo hasa, si mchezaji wa kujipaka poda.

Hickman huyo huyo ndiye aliyeendesha katika The French Connection ya mwaka 1971, iliyopata tuzo tano za Oscar. Humo gari halifukuzi gari. Muuaji ameteka garimoshi lipitalo juu, kwenye nguzo za chuma huko Brooklyn, na Gene Hackman, mchezaji wa nafasi ya askari, yuko chini katika gari alilomnyang'anya raia, macho yake nusu barabarani, nusu juu. Hapo ndipo ladha ilipo, kwani mtu mmoja hawezi kutazama mahali pawili.

Lakini filamu hii nikiitazama sasa roho hunisuta. Kipande kimoja kilipigwa picha katika barabara zenye watu wao, wasiojua lolote. William Friedkin, kiongozi wa filamu, alisimulia kwamba alishika kamera mwenyewe kwenye kiti cha nyuma, kwa kuwa wapiga picha wake walikuwa na wake na watoto. Sawa, na wapita njia je, hawakuwa nao? Baadaye alikiri kwamba alihatarisha maisha ya watu. Na ule mgongano mmoja tunaouona haukupangwa: alikuwa mtu wa mtaa ule, ametoka kwenda zake.

Nilipomweleza hayo, mpwa wangu aliisimamisha picha pale pale, akaikodolea macho ile gari iliyogongwa.

"Alilipwa?"

"Walimtengenezea gari lake."

"Na ile hofu, mjomba?"

Sikuwa na la kumjibu. Akaniomba tuirudishe nyuma kidogo, tukaitazama tena, na safari hii hakutaja mwendo. Alikuwa akihesabu watu waliokuwa kando ya barabara.