Darubini Zinazotuliza Taswira: Maelezo kwa Watazamaji wa Ndege na Nyota wa Kanyosha

Katika toleo hili tumeamua kutoka kidogo nje ya sarufi na fasihi. Wanafunzi wanaofuatana nasi Jumamosi asubuhi hadi ufukweni Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, kwa mazoezi ya msamiati wa mazingira, wametuuliza mara nyingi swali moja: kwa nini darubini ya mwalimu yenye ukuzaji wa mara 8 inaonyesha ndege vizuri kuliko ile nyingine ya mara 16, ambayo kwa hesabu ingepaswa kuishinda? Swali hilo lina jibu la kifizikia, lakini ndani yake mna jambo la lugha pia, kwa hiyo tumeona linafaa kujibiwa hapa.

Tuanze na neno lenyewe. Darubini limetoka katika Kiajemi, ambako "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Kiswahili kimelitwika neno hilo vyombo viwili: kile cha bomba moja wanachotumia wanajimu, na hiki cha mabomba mawili ambacho wengi hapa Bujumbura hukiita kwa Kifaransa "jumelles", yaani mapacha. Katika makala haya tunazungumzia hiki cha mapacha. Hadubini, inayokuza vijidudu, ni chombo kingine kabisa, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaachi kuvichanganya.

Ubavuni mwa kila darubini huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x30 au 10x42. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwale unaoingia jichoni: 10x42 hutoa milimita 4.2, na 10x30 hutoa milimita 3. Mchana milimita 3 zinatosha kabisa. Usiku mboni ya kijana hupanuka hadi karibu milimita 7, kwa hiyo lenzi pana huwa na faida.

Sasa tujibu swali. Darubini haikuzi ndege peke yake. Inakuza pia mtetemeko wa mikono yako, mapigo ya moyo, pumzi, na upepo wa ziwani unaokusukuma begani. Ukuzaji wa mara 10 hufanya mtikisiko mdogo uonekane mkubwa mara 10. Ndiyo maana watazamaji wazoefu wanaoshika darubini ya kawaida kwa mikono mitupu wengi hawapendi kupita ukuzaji wa mara 8 au 10. Ile ya mara 16 ina nguvu kweli, ila nguvu yenyewe inapotea katika kutikisika.

Wahandisi wamelitatua tatizo hili kwa njia kadhaa. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilitengeneza darubini ya 20x60 ambayo sehemu ya vioo vyake vya ndani imening'inizwa kwa mitambo tu, bila betri. Inafanya kazi vizuri sana, lakini ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, na bei yake tusiitaje. Mwaka 1995 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa 12x36 iliyotumia njia nyingine. Ndani yake mna vihisio vinavyopima mtikisiko, kompyuta ndogo, na prizimu ya ajabu: vioo viwili bapa vilivyounganishwa kwa kiriba chenye kimiminika katikati. Darubini ikiinama kidogo, vioo hivyo vinasogezwa papo hapo ili mwale urudishwe mahali pake. Unabonyeza kitufe, na ndege aliyekuwa akirukaruka kama tone la mafuta kwenye kikaango anasimama. Nyingine, kama Techno-Stabi ya Fujinon, ya 14x40, husahihisha mtikisiko wa hadi nyuzi 5, na hizo ndizo zinazomfaa aliye ndani ya mtumbwi au boti. Zile za aina ya Canon husahihisha takriban nyuzi moja tu. Zinatosha mikono, hazitoshi mawimbi.

Faida yake tuliiona kwa mdiria. Pale ufukweni yupo mdiria mweusi na mweupe anayetua hewani juu ya maji, mabawa yakipiga bila kuacha, kisha anajitupa chini kama jiwe. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani. Jike ana mmoja, nao mara nyingi umekatika katikati. Kwa darubini ya kawaida ya mara 10 wanafunzi walibishana karibu robo saa, wengine wakiona mkanda mmoja, wengine miwili. Tulipowapa yenye kutuliza taswira, ubishi uliisha kwa zamu tatu: alikuwa jike. Tunakumbuka pia kwamba darubini hiyo haikuwasaidia hata kidogo mwari walipopita wakiruka. Unapofuata kitu kinachokwenda kasi, mtambo hudhani unatetemeka na kujaribu kukurudisha nyuma, na taswira huelea kama inayosinzia. Kwa ndege arukaye, achia kitufe.

Viboko nao hujitokeza kwenye fukwe za Bujumbura, hasa jioni, mbali na wale wa Hifadhi ya Rusizi. Huyo ni mnyama wa kutazamwa kwa mbali sana, na hapo ukuzaji wa mara 12 au 15 uliotulia una maana kubwa kuliko starehe.

Usiku ndio umetushangaza zaidi. Bujumbura iko karibu nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo tunapata anga za pande zote mbili. Kilimia, ambacho jina lake linatokana na kulima kwa sababu wakulima walikitazama kujua majira, kwa macho matupu kina nyota sita au saba. Kwa darubini iliyotulia utahesabu makumi. Mwenzetu mmoja, mwalimu mzee ambaye mikono yake imeanza kutetemeka kwa maradhi, alikuwa ameacha kabisa kushika darubini. Hata kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili. Tulimpa ile ya kubonyeza, tukamwelekeza kwenye sayari ya Mshtarii iliyokuwa juu ya ziwa. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Viko vitatu. Hapana, vinne." Ni ile miezi minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610. Mzee alikataa kurudisha darubini kwa zamu mbili nzima, na hakuna aliyemdai.

Tukio hilo ndilo lililotuamulia istilahi. Baadhi yetu walipendekeza "darubini tulivu". Wengine "darubini isiyotetemeka". Yote mawili hayasemi kweli: mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka, na darubini ikitetemeka pamoja nao. Kilichotulia ni taswira. Kwa kufuata muundo wa kipazasauti na kipimajoto, tunapendekeza mtambo uitwe "kitulizataswira", na chombo chenyewe "darubini yenye kitulizataswira". Ni ndefu, tunakiri.

Je, idara inunue nyingine? Hapa hatukukubaliana, na hadi leo wapo wenye kinyongo. Bei ya moja inaweza kununua darubini kadhaa za kawaida za 8x30, na kwa darasa la wanafunzi 30 wingi una thamani yake. Maoni ya wengi wetu ni kwamba moja inatosha, iwe kwa ajili ya usiku na kwa wenye mikono dhaifu. Zilizobaki ziwe za kawaida. Asiye nayo ajifunze kuegemea ukuta au shina la mwembe, viwiko vikibana mbavu, au akae chini na kuweka viwiko juu ya magoti. Hilo ni bure, na linaondoa sehemu kubwa ya mtikisiko.

Mambo mawili ya usalama. Jua la Kanyosha huzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na kila mwanafunzi mpya hutaka kulitazama kwa darubini. Asithubutu. Lenzi hukusanya mwanga na kuchoma jicho bila maumivu ya kumwonya. La pili: usielekeze darubini kwenye bandari, kambi ya askari au mpakani. Sisi humwarifu mkuu wa mtaa kabla ya kila matembezi, tukibeba barua ya idara. Hata hivyo tuliwahi kusimamishwa na kueleza, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, kwamba tulikuwa tukihesabu mikanda ya ndege. Walicheka, lakini si mara moja.

Kuhusu utunzaji, adui mkubwa ni unyevu. Darubini yetu ya kwanza iliota kuvu ndani ya lenzi msimu mmoja wa mvua kwa sababu ilifungiwa ndani ya mkoba wa ngozi uliolowa. Siku hizi huwa tunaiacha wazi kabatini, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Betri mbili ndogo huondolewa baada ya kila matembezi. Anayetoka na darubini ya idara aandike jina lake katika daftari lililo kwa katibu, na airudishe kabla ya Jumatatu saa nne.