KUBEBA VYUMA NAKO KUNASOMEWA?

Wadau, dogo mmoja wa hapa Nyegina, mpiga tizi wa makopo ya zege, kaniuliza swali hilo. Jibu: ndiyo, ndani ya sayansi ya michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha, na huku Kanda ya Ziwa tuna Chuo cha Michezo Malya, Kwimba, kwa stashahada.

Ila si kutunisha kifua tu. Kwa nini wiki za mwanzo nguvu zinapanda na msuli haujanenepa? Mishipa ya fahamu ndiyo inajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli. Msuli wenyewe hujengeka ukipumzika. Kubeba zege kila siku bila kupumzika ni kujibomoa.

Kwa hiyo dogo, usitoroke kipindi cha baiolojia. Nawasilisha.