Mashine ilishashinda kwa bei: vifungo vya kitambaa vilivyonifundisha kupima muda wangu



Huku kwetu Kahama kila kitu kina kipimo. Dhahabu inapimwa kwa gramu, mchele kwa kilo, mahindi kwa debe. Hakuna anayeuza dhahabu kwa kukadiria kwa macho. Lakini mimi nilikaa hapa Nyahanga zaidi ya mwaka nauza kazi ya mikono yangu bila kuupima muda wangu hata siku moja. Kilichonifumbua macho ni vifungo.

Natengeneza kwa mkono vifungo vya kitambaa vya nguo za mitindo ya zamani. Wateja wangu ni mafundi wanaoshona nguo za maigizo, za jubilei za makanisa, za filamu, na wale maharusi wanaotaka picha zao zifanane na za bibi na babu. Soko ni dogo, ila lipo, na linakutafuta mtandaoni kwa sababu dukani halipati kitu.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilitoka kwa fundi mmoja wa Mwanza. Kanisa lao lilikuwa na jubilei na vijana waliandaa igizo la wamisionari wa kwanza. Alitaka vifungo 60. Akaniuliza bei, nikajibu haraka ili asikimbie: 200 kimoja. Jumla 12,000. Nikafurahi kweli.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kila kifungo kilinichukua kama dakika 14. Mara 60, ni saa 14. Uzi 1,500, nauli ya kifurushi kwenye basi 3,000, nililipa mimi. Kikabaki 7,500. Gawa kwa saa 14: kama 535 kwa saa.

Ngoja, bado. Jumatano akanipigia.

"Mdogo wangu, vile vifungo nimefua nguo mara moja tu, vimekuwa chapati."

"Vyote, dada?"

"Vingine vimelala, vingine vimechomoka shingo. Na igizo ni Jumapili."

Kosa lilikuwa langu. Nilijaza pamba ya dukani, ile laini ya bomba, ikalowa ikajikunja upande mmoja. Na shingo ya kifungo niliifunga kwa uzi mmoja mwembamba. Nikamwambia nisamehe dada, nashona upya vyote, sikudai senti. Usiku wa Jumatano na wa Alhamisi sikulala, Ijumaa alfajiri mzigo ukapanda basi. Saa 14 nyingine, uzi 1,500 mwingine, nauli 3,000 nyingine.

Mwisho wa yote nilibaki na 3,000 kwa kazi ya saa 28. Yaani 107 kwa saa. Nilirudia hesabu kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea kubonyeza.

NILIKUWA NASHINDANA NA NANI?

Nilijiuliza kwa nini nilitaja 200. Jibu ni kwamba mafundi wa mjini wana kile kibanio cha mkono: unaweka kitambaa, unaweka kigae cha bati, unabana, kifungo tayari. Fundi niliyemuuliza alikuwa anachukua 200. Basi na mimi nikasema 200. Yeye anamaliza kimoja kwa dakika moja, mimi kwa 14.

Nikaanza kusoma habari za vifungo vya zamani, nikakuta vita hii ilishapiganwa. Dorset, kusini mwa Uingereza, watu walitengeneza vifungo vya uzi na kitambaa kwa mkono tangu karne ya 17. Inakumbukwa kwamba aliyeianzisha biashara hiyo ni Abraham Case, mjini Shaftesbury, mwaka 1622. Wanawake na watoto wa vijijini walifanya kazi hiyo majumbani, na kaya nyingi zilitegemea pesa yake. Katikati ya karne ya 19 mashine za vifungo zikaingia. Biashara ikaporomoka, watu wakabaki hawana kazi, wengine wakahama nchi kabisa.

Hawakuwa wavivu wala hawakukosa ujuzi. Mashine iliwashinda kwa bei, na hakuna mkono unaoishinda mashine kwa bei.

Lakini angalia jambo moja: vifungo vya Dorset bado vinatengenezwa hadi leo, na vinanunuliwa. Nani ananunua? Yule ambaye cha mashine hakimfai. Anayeshona nguo ya mtindo wa mwaka 1780 hawezi kuweka kifungo chenye bati linalong'aa kwa nyuma. Huyo ndiye mteja wako. Mwingine yeyote mwache aende kwa kibanio, na umwelekeze njia kwa roho safi.

JINSI NINAVYOTENGENEZA SASA

Hizi ni aina tatu ninazouza. Chukua bure.

1. Kifungo cha kujaza. Hiki ni cha zamani sana. London wamefukua vifungo vya kitambaa vya karne ya 14. Kwa kifungo cha sentimita moja na nusu, kata duara la sentimita 4. Piga bandi kuzunguka ukingo kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Ndani weka vipande vya kitambaa hichohicho ulivyovisokota vikawa kama punje ya maharage. Usiweke pamba! Vuta uzi mpaka kitambaa kijifunge, shona kwa nyuma ukivuka huku na huku hadi kiwe kigumu, halafu zungushia uzi chini mara tano au sita kupata shingo. Kibonyeze kwa kidole gumba. Kikibonyea, kifumue.

2. Kifungo cha kuvalisha. Karne ya 18 walichukua kigae cha mbao au mfupa wakakifunika kitambaa. Mimi nachukua vigae vya mbao kwa seremala wa mtaani, vinatoka kwenye mabaki. Visugue kwa msasa kwanza, la sivyo ukingo utakata kitambaa.

3. Kifungo cha pete, ile ya Dorset. Unahitaji pete ndogo ya chuma na uzi mnene wa pamba. Vika pete yote kwa uzi bila kuacha nafasi. Geuza mafundo yaingie ndani. Tandaza nyuzi zikatize katikati kama spoku za baiskeli. Kisha anza katikati, zungusha uzi kwenye kila spoku mpaka ufike ukingoni. Mtu yeyote wa huku aliyewahi kunyoosha ringi ya baiskeli ataelewa: spoku zisipokutana katikati, gurudumu zima linapinda.

Mambo mawili yaliyoniokoa: pitisha uzi kwenye nta ya nyuki kabla ya kushona, hautakatika shingoni. Na fua kitambaa kabla ya kukata, ili kama kinachuja au kinarudi, kifanye hivyo kwako, si kwa mteja.

Kuhusu kitambaa chenyewe: kwa maigizo ya karne ya 19 huku kwetu, napendekeza amerikani. Jina hilo lina historia. Kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kikitoka viwanda vya Marekani, kikashushwa Zanzibar na kubebwa na misafara mpaka Tabora na mbele zaidi, kikitumika kama pesa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokatiza mzigo, vitambaa vya Uingereza na India vikajaza pengo. Ukimweleza mteja hivyo, anajua anaongea na mtu anayeijua kazi yake. Hiyo nayo ni sehemu ya bei.

BEI: PIMA NDIPO UTAJE

Fanya hivi leo, hata kama unauza heleni, vikapu au keki. Tengeneza vitu kumi mfululizo, washa saa ya simu, gawa kwa kumi. Usipime kimoja, kwa sababu cha kwanza mkono una kasi ya kujionyesha.

Mimi sasa natumia dakika 9 kwa kifungo cha kujaza. Nimejipangia saa yangu ni 3,000. Kwa hiyo:

Kazi: 450
Kitambaa, uzi, nta: 80
Vinavyoharibika, kimoja kwa kumi: 53
Bahasha na bando: 50
Jumla: 633

Nauza 800. Ile 167 ya juu ndiyo faida ya biashara, inanunua sindano na inabeba siku mbaya. Nauli analipa mteja, na tunakubaliana mapema.

Siku ya kwanza kutaja 800 mkono ulitetemeka. Mteja akaandika: "Ghali sana dada, mjini ni 200." Nikamjibu: "Ni kweli kabisa. Kama ni nguo ya kawaida chukua vya 200, vitakufaa. Hivi ni vya nguo ya kihistoria, nyuma havina bati." Hakununua. Siku ya tatu akaja mwingine, akauliza kitu kimoja tu: "Nyuma vikoje?" Nikajua huyu ni wangu.

VIDOKEZO VYA KUUZA MTANDAONI

Piga picha tatu: mbele, nyuma na ubavuni. Mnunuzi wa nguo za kihistoria huangalia nyuma kwanza. Weka sarafu ya 200 pembeni ili aone ukubwa, na andika kipimo kwa milimita.

Tuma sampuli mbili kabla ya oda kubwa, mwambie azifue. Ningefanya hivyo mwanzo, nisingekesha siku mbili.

Pokea kianzio nusu. Mtu wa oda maalumu asiye na kianzio hajaamua bado.

Usiandike "vya kale". Andika "mtindo wa karne ya 18" au "vimetengenezwa kwa njia ya zamani". Ukidanganya mara moja, hao watu wanajuana.

Tafuta nguo yenye vifungo vichache vinavyoonekana. Mfano ni gomesi ya Uganda, iliyopata jina kwa Gomes, fundi Mgoa wa mwanzoni mwa karne ya 20. Ina vifungo viwili tu, begani upande wa kushoto, na vyote viko machoni pa watu. Mama anayeshona gomesi ya sherehe habanii pesa kwenye vifungo viwili. Kanzu ya padri ya igizo yenye vifungo 30, hapo kila shilingi mia inapigiwa kelele.

Yule fundi wa Mwanza? Alirudi. Alisema hakusahau kwamba nilishona upya bila maneno. Safari hii alitaka 24. Nikamtajia 800, nikanyamaza. Naye akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanzo uliniuzia kama mtu anayeomba, mdogo wangu. Sasa unauza." Akatuma kianzio.

Vifungo 24 ni 19,200, kwa kazi isiyofika saa nne. Linganisha mwenyewe na zile saa 28.

Sindano ni ileile, mikono ni ileile, chumba ni kilekile hapa Nyahanga. Kilichobadilika ni kwamba nina mizani.

Na wewe, kitu unachouza kinakuchukua dakika ngapi? Pima leo usiku, kesho tuandikie hapa chini umepata ngapi kwa saa. Usione aibu, mimi nilianza na 107.