Nguo ya Mirabaraba

Siku ya mnada huko Bariadi, katika nchi ya Wasukuma, huonekana wachungaji waliojitanda shuka nyekundu zenye mistari myeusi au ya buluu. Mistari hiyo mingine husimama, mingine hulala, nayo ikikutana hufanya mirabaraba. Watu wa Bariadi ni wakulima wa pamba, na uzi si kitu kigeni kwao. Hata hivyo wako wanaodhani kwamba mirabaraba hiyo imepigwa chapa juu ya nguo, kama maua ya khanga.

Jambo hilo huamuliwa upesi kwa kuchomoa uzi mmoja ukingoni. Uzi wa khanga utakuwa na rangi nyingi, hapa nyekundu, pale nyeusi, kwa kuwa chapa ilipigwa baada ya nguo kwisha kufumwa. Lakini uzi wa nguo ya mirabaraba una rangi moja tangu mwanzo hata mwisho. Nyuzi zake hutiwa rangi kwanza, ndipo zifumwe.

Mfumaji hutanda nyuzi za urefu wa nguo, nazo huitwa mtande. Kisha hupitisha uzi wa kukingama, uitwao mshindio, juu ya nyuzi kadha za mtande na chini ya nyingine. Kwa mfano, akitanda nyuzi 24 nyekundu, kisha 24 nyeusi, kisha nyekundu tena, hata upana utimie, naye akaupitisha mshindio kwa hesabu ile ile, ataona ajabu. Nyekundu ikikutana na nyekundu, mraba huwa mwekundu safi. Nyeusi na nyeusi, huwa mweusi. Lakini nyekundu ikipishana na nyeusi, jicho la mtu aliye mbali haliwezi kuzitenga. Huona rangi ya tatu, nyekundu yenye giza. Rangi hiyo hakuna aliyeitia. Basi rangi 2 huonekana kama 3; rangi 3 huonekana kama 6, na rangi 4 kama 10. Rangi 6 hufika 21, na mwanafunzi mwenye penseli aweza kuhakikisha.

Waskoti, watu wa nchi alikozaliwa David Livingstone, huipa nguo ya namna hii heshima kubwa, nao huiita tartani. (Livingstone mwenyewe alitiwa katika kiwanda cha pamba huko Blantyre akiwa na miaka 10, na kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika.) Katika mji wa Falkirk, mwaka 1933, kilichimbuliwa chungu chenye fedha za Kirumi karibu 2,000. Pamoja nacho kilikuwako kipande cha nguo ya mirabaraba, cha karne ya 3. Sufu yake haikutiwa rangi hata kidogo. Weupe wake na ukahawia wake ni wa kondoo wenyewe.

Mtu aitwaye Martin Martin aliandika katika kitabu cha mwaka 1703 kwamba wanawake wa visiwa vya Uskoti waliweka hesabu ya kila uzi wa nguo juu ya kijiti. Walifanya vema, maana uzi ukizidi au ukipungua, mstari huhama na nguo si ile tena.

Mwaka 1745 watu wengi wa milimani waliasi, wakashindwa katika vita vya Culloden mwaka 1746. Serikali ikawakataza wanaume na wavulana wa huko wasivae mavazi yao, isipokuwa askari wa mfalme. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Mara ya pili alipelekwa ng'ambo ya bahari miaka 7. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotolewa alikuwa sasa na miaka 36, na nguo za baba yake zimekwisha kuchakaa. Ndiyo sababu daftari za wafumaji zilikuwa na thamani kubwa. Jamaa ya Wilson wa Bannockburn waliandika hesabu za nguo zao nyingi katika daftari la mwaka 1819.

Tangu mwaka 2009 Serikali ya Uskoti ina daftari la tartani zote zinazoandikishwa. Mwenye kuandikisha hutoa jina la nguo, rangi zake, na hesabu ya nyuzi. Haimlazimu kuandika hesabu ya nguo nzima, kwa sababu katika tartani nyingi mistari ikifika mahali fulani hugeuka na kurudi kinyumenyume, kama mtu ajionavyo katika kioo. Hesabu ya kutoka kioo kimoja hata cha pili yatosha.

Shuka za wachungaji wa Bariadi zaweza kuhesabiwa vivyo hivyo. Kipande kilichochakaa, sindano ya kutenga nyuzi, na karatasi vyatosha. Mhesabuji huanza mahali pa kioo kimoja, akaandika rangi na idadi, rangi na idadi, mpaka afike mahali mistari inapoanza kurudi. Kisha huhesabu mshindio pia, aone kama unapatana na mtande.