Wauza pembejeo Mbeya, Iringa: Kanuni moja isiandikwe mara tatu

MSIMU wa mbolea katika mikoa ya Mbeya na Iringa haumsubiri mtu. Mkulima wa mahindi wa Isimani aliyekosa mbolea ya kupandia mvua zikianza hawezi kuzifidia siku hizo baadaye. Kwa muuza pembejeo, siku hizo chache ndizo huamua kama mwaka ni wa faida au wa hasara. Mteja aliyekwisha kulipa akiambiwa dukani kuwa bado anadaiwa, mfuko hautoki, na mteja huenda duka la jirani.

Kosa la namna hiyo si lazima litokane na mtandao wala na karani. Linaweza kutokana na namna programu ya duka ilivyojengwa.

Maduka yanayoacha madaftari ya karatasi huweza kutumia mfumo wa kutunza habari za wateja, ambao mafundi huuita CRM. Mfumo huo hukaa katika kompyuta za mbali zinazokodishwa kupitia intaneti, yaani "wingu". Salesforce ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni miongoni mwa kampuni zilizoieneza biashara hiyo duniani. Mfumo peke yake hautoshi. Ni lazima uzungumze na mifumo mingine, kama ile ya benki na ya pesa za simu. Mlango ambao programu moja hupitia kuuliza au kupeleka habari kwa nyingine huitwa API.

Haja ya milango hiyo ilionekana wazi Agosti 8, 2022, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ruzuku ya mbolea jijini Mbeya katika sherehe za Nane Nane. Msimu wa 2022/23 mkulima aliyeandikishwa alinunua mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea kwa Sh. 70,000. Tangu hapo wakala hawezi kumtambua mteja kwa sura tu. Anamtambua kwa namba.

Tarakimu za mwanzo

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mwenye maduka Mwanjelwa, Uyole na Iringa mjini. Fundi amemjengea programu, na kila duka lina fomu yake. Katika kila fomu fundi ameandika upya kanuni ileile: namba ya simu ikianza na tarakimu fulani, mteja ni wa kampuni fulani ya simu.

Kanuni hiyo ilikuwa sahihi hadi Machi 2017, ulipoanza utaratibu wa mtu kuhama kampuni ya simu huku akibaki na namba yake. Baada ya hapo tarakimu za mwanzo hazikuwa tena ushahidi. Programu yenye kanuni hiyo katika fomu tatu hudai marekebisho matatu. Fundi akisahau fomu moja, duka moja litaendelea kupeleka madai ya malipo kusikohusika.

Novemba 2024 Tigo Pesa nayo iligeuka Mixx by Yas. Jina lililokuwa limeandikwa katika stakabadhi, ripoti na ujumbe wa simu ilibidi litafutwe kila lilipo.

Dawa yake ni kujenga kipande kimoja cha programu kinachoshughulikia namba za simu, na kingine cha malipo, kisha fomu zote zivitumie. Kipande cha namba hutambua pia kuwa namba inayoanza na 0 na ileile inayoanza na 255 ni ya mteja mmoja. Bila hivyo mkulima mmoja huonekana wawili, mmoja amelipa na mwenzake anadaiwa.

Taarifa inapokuja mara mbili

Mtandao ukikatika, mfumo wa malipo usiopata jibu huweza kurudia taarifa ileile. Kipande kilichojengwa vizuri huangalia kwanza namba ya muamala. Ikiwa imekwisha kuandikwa, hujibu kuwa imepokelewa na hakiongezi kitu. Kisichoangalia huandika malipo mawili, na mfuko mmoja wa fedha hugeuka miwili kwenye vitabu.

Serikali yenyewe imeifuata njia ya mlango mmoja. Tangu mwaka 2017 mfumo wa GePG hupokea ankara za taasisi za umma, hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, na kurudisha taarifa mlipaji anapolipa. Hesabu yake ni rahisi. Taasisi 10 zikijiunganisha kila moja na benki 5 ni viungo 50. Zikipitia lango moja ni viungo 15.

Hata hivyo njia hii ina hatari yake. Kipande kimoja kikiharibika, maduka yote matatu husimama kwa pamoja. Kwa hiyo mabadiliko hujaribiwa katika duka moja kwanza, wakati wa kiangazi na si Desemba, na toleo la zamani huhifadhiwa ili liweze kurudishwa.

Kabla ya kumlipa fundi, mfanyabiashara amwulize maswali matatu. Kanuni ya namba za simu imeandikwa sehemu ngapi? Taarifa ya malipo ikija mara mbili, nini hutokea? Na habari za wateja zinatunzwaje, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023? Fundi anayejibu la kwanza kwa kusema "moja" huenda akadai bei kubwa zaidi mwanzoni. Lakini cha rahisi ni ghali, na ughali huo hujulikana foleni ikiwa imefika barabarani.