Tezi za Homoni, Sehemu ya Pili: Dundumio, Rovu na Chumvi ya Uganda

Tezi za mwili wa binadamu ni za namna mbili: zipo zenye mirija, kama zile za mate na jasho, ambazo humwaga majimaji yake mahali maalumu, na zipo zisizo na mirija, ambazo hutoa kemikali ziitwazo homoni na kuzitia moja kwa moja katika damu, ili damu izifikishe kwenye viungo vilivyo mbali. Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kundi hili la pili kwa jumla. Sehemu hii inashughulikia tezi moja tu, yaani dundumio, ambayo madaktari wengi huiita thairoidi na ambayo hukaa mbele ya shingo, kwa sababu ni vigumu kutaja tezi nyingine ambayo maradhi yake yamefungamana kiasi hiki na udongo na chakula cha Uganda.

Dundumio haianzii shingoni. Kiasi cha wiki ya nne tangu mimba kutungwa, seli za sakafu ya koo la kiinitete, pale litakapokuwa shina la ulimi, hunenepa na kufanya kijifuko, nacho huteremka polepole kikiacha nyuma yake mrija mwembamba, hata kufikia wiki ya saba kinakuwa kimetua mahali pake chini ya zoloto. Kwa kawaida mrija huo hutoweka. Usipotoweka, mtoto anaweza kuota uvimbe wa majimaji katikati ya shingo, na mara chache tezi yenyewe hukwama nyuma ya ulimi isishuke kabisa. Lakini lililo zito zaidi ni suala la wakati, kwani mtoto aliye tumboni hawezi kujitengenezea homoni ya kumtosha mpaka ujauzito ukaribie nusu, hali ubongo wake umeanza kujengwa zamani, na kwa hiyo katika miezi ile ya mwanzo huishi kwa homoni ya mama yake.

Homoni kuu ya dundumio ni thairoksini, ambayo huamua kasi ya mwili kuchoma chakula, mapigo ya moyo, joto, na ukuaji wa mifupa na ubongo. Kila molekuli yake hubeba atomu nne za iodini, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la madini joto, na mwili hauwezi kuyatengeneza madini hayo, bali huyapata katika chakula. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku na mjamzito 250. Kwa mtu mzima, mahitaji ya miaka 70 hayafiki gramu 4. Homoni ikipungua katika damu, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huongeza homoni yake ya kuiamrisha dundumio ifanye kazi zaidi, na amri hiyo haiihimizi tu, bali pia huikuza. Hapo ndipo rovu huzaliwa. Uvimbe ule wa shingo, ambao pengine umehesabiwa kuwa laana au aibu ya ukoo, ni tezi inayojitahidi kutii amri huku ikiwa haina malighafi.

Kwa nini madini hayo yakosekane? Mvua za karne nyingi huyasomba kutoka katika udongo wa miinuko na kuyapeleka mtoni, na hivyo mazao ya milimani huyakosa. Uswisi, nchi ya milima, ilisumbuliwa na rovu kwa muda mrefu, na huko ndiko daktari mpasuaji Theodor Kocher alikogundua, katika miaka ya 1880, kwamba wagonjwa walioondolewa dundumio yote walidumaa mwili na akili. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mashariki ya Kongo jambo la pili lilidhihirika. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa Kibelgiji waliona kwamba upungufu wa iodini ulienea kisiwani kote, ilhali rovu ilizidi zaidi kaskazini, na wakaonyesha kuwa muhogo usioandaliwa vizuri ulichangia, kwa kuwa sumu yake ya sianidi, ikishageuzwa na mwili, huizuia tezi kuvuta iodini.

Nchini Uganda, uchunguzi wa mwaka 1991 ulikuta rovu kwa takriban asilimia 74 ya watoto wa shule waliopimwa, kiwango cha kutisha, na serikali ikaweka sera ya kutia madini joto katika chumvi yote ya kula. Mwaka 1999 watafiti waliwapima watoto 2,880, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2002 katika jarida la African Health Sciences la Makerere, yalionyesha asilimia 60. Msomaji asishangae kwamba kushuka kulikuwa kwa pole hivyo, maana tezi iliyokwisha kuvimba kwa miaka mingi haisinyai upesi, na ile yenye vinundu huenda isisinyae kabisa. La kuzingatiwa zaidi ni tofauti ya wilaya kwa wilaya: Kisoro, chini ya milima ya volkano, bado ilipata madini kidogo mno, na Luwero, kaskazini ya Kampala, ilikuwa imeyapata kupita kiasi.

Kupita kiasi nako ni ugonjwa. Vinundu vilivyoota wakati wa njaa ya iodini huweza kuacha kutii pituitari, na madini yakija kwa wingi hutengeneza homoni bila breki: mgonjwa hukonda ingawa anakula, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka na joto humzidi, kinyume kabisa cha yule aliyepungukiwa, ambaye hunenepa, huhisi baridi, hupata choo kigumu na kuwa mzito wa mwendo na fikra. Wa kwanza hutibiwa kwa dawa za kuituliza tezi au kwa upasuaji, wa pili kwa kidonge cha thairoksini kila siku. Kwa mtoto mchanga anayezaliwa na upungufu huo wa homoni hesabu ni ya siku, kwani tone moja la damu ya kisigino hutosha kuugundua, na akianza kidonge katika wiki mbili za kwanza, kwa kawaida akili yake hukua kama ya wenzake.